Mtani Hakuambiwa

Kama mwanao anaoa au anaolewa na mtu wa nchi nyingine, waambie watani wako mapema. Usiseme huyu anakaa mbali, hatakuja. Huyo ndiye atakayekuja. Sisi hapa Mjimwema, Songea, tuliwaambia watu wote isipokuwa mtani, na ninaeleza ilivyokuwa ili mama mwingine asije akakaa kama ninavyokaa mimi.

Binti yangu Careen alikuwa mtunza stoo kwenye mradi wa visima kule Namtumbo. Mafundi wa mradi ule walitoka nchi mbalimbali za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ukifika kambini kwao unakuta Mganda anachemsha chai, Mkenya yuko juu ya mtambo, na fundi wa kuchimba ni Mrundi. Huyo Mrundi ndiye Remmy. Kijana mrefu, mpole, nguo zake safi hata akitoka kwenye tope. Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, kisha wakarudishwa kwao.

Mume wangu Beda alimpenda. Beda ni msikilizaji wa redio, habari za Jumuiya anazijua zote, pasipoti moja, soko moja, siku moja tutakuwa na rais mmoja. Careen alipomleta Remmy nyumbani mara ya kwanza, Beda alisema sasa Jumuiya imefika mpaka kwenye sahani yake ya ugali. Halafu akamuuliza kabila lake.

Hapa kwetu kila mtu anauliza hivyo. Unamuuliza mgeni kabila ili ujue umkaribishe vipi. Akisema Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, unamtukana, naye anakutukana, mnacheka, chakula kinashuka. Remmy akajibu kwamba yeye ni Mrundi.

"Hiyo ni nchi, baba," Beda akasema. "Nakuuliza kabila."

"Mrundi, mzee."

Beda akacheka, akaendelea kula. Careen akanifuata jikoni, akafunga mlango. Aliniambia nimkataze baba yake kabisa asiulize tena. Kule kwao, alisema, kuna miaka watu walikuwa wanasimamishwa barabarani wanaulizwa kabila, anayejibu vizuri anapita, anayejibu vibaya hapiti. Mama yake Remmy alikimbia naye wakati huo akiwa bado ananyonya. Baba yake alifia njiani kwa malaria. Tangu hapo yule mama hakumwambia mwanawe yeye ni kabila gani, na alimkataza kuuliza. Kijana amefika umri wa kuoa na hajui.

Mimi nikashangaa, nikamuuliza mtu mzima anakosaje kujua kabila lake.

"Anajua ni Mrundi," Careen akasema. "Mwacheni hivyo hivyo."

Nikamwacha. Beda nilimweleza wakati wa kulala, akasema sawa.

Baadaye Careen akawa na mimba. Sitaficha hilo, majirani wote wanajua. Kwa sisi Wakatoliki ni aibu, lakini aibu sikuiogopa kama nilivyoogopa jambo jingine. Niliogopa kwamba mwanangu atakwenda kukaa nchi asiyoijua, kwa watu wasiomjua, na tumbo mbele. Kule atamtegemea mama mkwe. Mama mkwe akimpokea, mimi nitalala. Asipompokea, hata kama Remmy ni malaika, mwanaume anashinda kazini na mke anashinda na mama mkwe. Kwa hiyo siku ilipopangwa, kwamba mama yake Remmy na mjomba wake watakuja Songea kujitambulisha na kuleta mahari, mimi sikuwa na ombi jingine kwa Mungu. Yule mama aje, anione, amwone Careen, ampende.

Nilianza kuzunguka. Mshenga wetu Raphael nilimwambia, siku hiyo neno kabila lisitamkwe. Getruda wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisani nilimwambia, akawaambia kina mama wote wa kupika. Mpiga muziki nilimwambia asiweke ule wimbo wa kutaja makabila. Shemeji yangu Rupert anayekunywa sana nilimwambia mara nyingi mpaka akakasirika, akasema yeye si mtoto. Mpaka mama anayeuza maandazi pale kona nilimwambia, maana wageni wangeweza kununua kwake.

Bashiru sikumwambia. Si kwamba nilimsahau. Bashiru hakunijia kichwani kama mtu wa kuambiwa.

Bashiru ni Myao wa Tunduru, mkulima wa korosho. Kwa jinsi wazee walivyotusimulia, babu zake na babu zake Beda waliuana. Wangoni waliwafuata Wayao na mikuki, wakachukua watu, wakachukua mahindi. Wayao nao walikuwa na bunduki, walilipiza. Hatujui iliishaje. Tunachojua ni kwamba ilipoisha ukaja utani. Bashiru akiingia kwangu hapigi hodi. Anafunua sufuria, anauliza mtumwa wangu yuko wapi, yaani Beda. Beda anamjibu kwamba babu yake alimwacha babu ya Bashiru akiwa hai ili apate mtu wa kutwanga mahindi, na mahindi bado hayajatwangwa. Baba mkwe wangu alipokufa, Bashiru alishuka kaburini, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka Wangoni walete jogoo, maana marehemu alikunywa pombe ya komoni ya kijiji kizima na dhambi zake ni nzito, kaburi linahitaji kupanuliwa. Tulikuwa tunalia na tunacheka. Bila yeye sijui ningemzikaje yule mzee. Utani kwetu ni kazi. Kwenye msiba na kwenye harusi mtani ana kazi yake, hakuna wa kumfundisha wala wa kumkaribisha.

Ndiyo maana naandika. Tuliambizana watu wote tusiulize kabila. Mtani hatukumhesabu, kwa sababu kwetu mtani hajawahi kuuliza kitu. Anatania.

Siku ile asubuhi Bashiru akashuka kutoka Tunduru na mkewe Sharifa na kiroba cha korosho. Alikuwa amesikia kwamba binti wa mtumwa wake anaposwa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye masufuria, nikasikia sauti yake, nikafurahi. Naapa nilifurahi. Nikasema sasa shughuli imekamilika.

Alichukua kamba ya katani, akaifunga mlangoni pa uzio, upande huu mpaka upande ule. Akachukua panga letu la kuchanjia kuni, akasimama nalo kwenye kamba. Sharifa akasimama pembeni na ungo wa kupokelea ada. Kila jirani aliyefika alisimamishwa. Kabila gani? Mngoni. Pita kulia, kuna pombe, wala usijifanye umefuata harusi. Kabila gani? Mmatengo. Simama hapo kwanza, nyie mnalima mpaka kwenye paa la nyumba, vua viatu usije ukatulimia uwanja. Kabila gani? Myao. Karibu ndugu yangu, kushoto kwenye pilau, wewe ndiye mtu peke yako leo. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Wengine walipita, wakazunguka, wakarudi kusimamishwa tena.

Mimi nilitoka na beseni la kachumbari na nikaona gari la wageni limeshafika.

Walikuwa wamesafiri kwa taabu, Kigoma, Mbeya, Njombe, wakalala njiani. Mjomba wake Remmy, mzee Nestori, alishuka akitabasamu, suti imejikunja. Remmy akashuka. Halafu mama yake. Alikuwa amevaa lile vazi lao la heshima, kitambaa kinachofungwa begani mwa upande mmoja na kushuka mpaka miguuni, jeupe. Mwanamke mwembamba, umri kama wangu. Nilipomwona tu moyo wangu ulimkubali. Akaja mbele, Remmy pembeni yake, uso wa mtu anayekwenda kusalimia.

Bashiru akagonga panga kwenye kiganja.

"Hapiti mtu," akasema. "Nyie kabila gani? Semeni kabila, ndipo nijue mnapita au hampiti."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni langu na mdomo haukufunguka. Mpaka leo najiuliza, lakini haukufunguka. Niliona Careen mlangoni ameweka mkono kinywani.

Yule mama alisimama. Uso wake haukubadilika. Nilitegemea labda atapiga kelele, labda ataanguka, na hakufanya hata kimoja. Aliweka mkoba wake chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa auweke. Akavua viatu, kimoja, kingine, akavipanga. Akamshika Remmy mkono akamrudisha nyuma ya mgongo wake, yule kijana mrefu vile, akabaki anaonekana juu ya kichwa chake. Halafu akasema, kwa Kirundi, kwa sauti ya chini iliyonyooka. Jina la kabila tulilisikia wote, maana majina yale yanajulikana. Sitaliandika. Akaongeza maneno mengine, machache, ambayo sisi hatukuyaelewa. Nilimwona Remmy akiyaelewa.

Bashiru alidhani anashiriki. Mtani anapojibiwa ndipo anapofurahi. Alifungua kamba kwa mbwembwe, akainama, akasema mama amejibu vizuri, apite.

Hakupita. Aliendelea kusimama peku, anaangalia mbele. Kicheko kikawa kinapungua kidogo kidogo, nyuma bado kuna wanaocheka kwa kuwa hawaoni. Beda akatoka, akamnyang'anya Bashiru panga, akalitupa nyuma ya banda la kuku. Mpiga muziki akazima. Remmy akamwita mama yake, akamgusa bega, yeye akageuka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Viatu vilibaki pale kwenye kamba. Ni Careen aliyevichukua, akampelekea, akaviweka kwenye mapaja yake kupitia dirishani.

Waliondoka na gari kwenda gesti. Mzee Nestori peke yake ndiye aliyebaki, kwa heshima. Tulimkalisha sebuleni, akapewa soda, hakuinywa. Nje watu walikula, maana chakula kilikuwa kimepikwa. Nilisikia vijiko. Bashiru alikuwa amekaa chini ukutani, Sharifa pembeni yake.

Mzee Nestori alitueleza bila hasira. Hiyo ndiyo iliyonisumbua, hakuwa na hasira. Alisema dada yake na shemeji yake walikuwa makabila tofauti, na wakati wa ndoa yao hilo halikuwa jambo. Vurugu zilipoanza wakakimbia pamoja, mume, mke, na mtoto mgongoni. Wakakuta kamba barabarani, na vijana wenye mapanga, wengine wanacheka, wamelewa. Watu wakapangwa mstari. Dada yake alikuwa mbele, mumewe nyuma yake kidogo. Walimwuliza kabila, akasema. Wakamwuliza mtoto ni wa nani. Akasema ni wangu, baba yake simjui. Wakamwacha apite. Mumewe hakupita.

"Maneno aliyoyasema hapo nje," mzee akasema, "ni yale yale. Hata moja hakubadilisha."

Beda akauliza, na ile malaria? Mzee Nestori akasema hapakuwa na malaria. Ilikuwa njia ya kumlea mtoto. Kambini kulikuwa na watu wa kila upande, mtoto akijua anakwenda kusema, akisema wanaanza kuangaliana. Akaona bora asijue kitu. Sasa amejua vyote kwa mara moja, mbele ya sufuria za harusi.

Kesho yake nilikwenda gesti. Bashiru alinifuata mpaka pale, amebeba jogoo. Nilimwambia asiingie. Alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Wallahi, shemeji, sikujua."

"Najua hukujua. Ingia basi umwombe radhi."

Akasimama na yule jogoo. Akaniambia hajui mtani anaombaje radhi. Na kweli, hakuna kitu hicho. Mtani haombi radhi wala mtani hanuni, akizidisha anatozwa jogoo, jogoo anachinjwa, analiwa, yameisha. Akiomba radhi maana yake ile vita bado ipo. Lakini yule mama hakuwa mtani wake. Hakuwa na vita naye wala amani naye. Bashiru alikuwa amekwenda na kitu pekee alichokuwa nacho, na kilikuwa kinatapatapa kwapani. Nikamwacha nje ya geti la gesti.

Mama yake Remmy alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la kawaida. Akanikaribisha kiti. Tulisalimiana kama watu. Nikamwita mkwe, hakukataa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakapotea, nikaanza kumweleza utani ni nini. Nilimweleza Wangoni na Wayao, mikuki, bunduki, mpaka ya kaburini na jogoo. Alisikiliza yote. Alikuwa msikilizaji mzuri, kichwa kimeinama.

"Ilichukua muda gani?" akauliza.

"Nini, mkwe?"

"Kutoka kuuana mpaka kucheka."

Nilifikiri. Nikamwambia sijui, ni mambo ya zamani, hata babu yangu aliukuta utani upo.

"Kwa hiyo waliokuwepo barabarani walikuwa wameshakufa wote."

Nikasema labda.

"Basi sisi bado tuko hai," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu.

Nikamwuliza lile nililokwenda kuuliza, kwa sababu mimi ni mama na mwanangu alikuwa nyumbani na tumbo. Nilimwuliza kama atampokea Careen. Alinitazama kama anayeshangaa kwamba naweza kuuliza hilo. Alisema alimpokea tangu alipomletea viatu kwenye gari. Alisema kama angekuwa na binti angetaka awe hivyo. Machozi yalinitoka, nikashukuru, nikajua nimepata. Kwa muda ule mfupi niliokuwa kwenye kile kiti, nilikuwa nimepata.

Ndipo Remmy akaingia. Alikuwa amelala chumba kingine na mjomba wake, au hakulala. Alinisalimia, "Shikamoo mama," akabaki amesimama. Nilitaka kutoka, njia ilikuwa imezibwa na yeye.

Akamwuliza mama yake kwa Kiswahili. Nadhani hakutaka kuuliza kwa lugha yao.

"Alikusikia?"

"Alinisikia nani?"

"Baba. Uliposema humjui. Alikusikia?"

"Alisikia. Alikuwa karibu kama ulivyo wewe."

"Akafanyaje?"

Yule mama alikuwa anakunja ukingo wa shuka, anakunja na kukunjua. "Walimwuliza, huyu mwanamke unamjua? Akasema simjui. Wakamwuliza na huyo mtoto? Akasema simjui." Akaacha shuka. "Ndiyo tukapita."

Remmy alisimama vile vile. Mimi nilidhani sasa atapiga magoti amkumbatie mama yake, kwa sababu hata mimi mgeni nilitaka kufanya hivyo. Nilisubiri afanye.

"Kila mwaka ulikuwa unaniambia malaria," akasema. "Mimi nimechimba visima nikisema nawachimbia watu wasife kwa maji na mbu kama baba. Kila kisima. Ulikuwa unaniambia uongo na mimi nautembeza."

"Ulikuwa mtoto."

"Nimekuwa mtoto mpaka lini?"

Akatoka. Nje akampita Bashiru na jogoo wake bila kumwona.

Mama yake na mzee Nestori waliondoka siku iliyofuata. Mahari waliiacha, kila kitu kama kilivyotakiwa. Careen alikwenda stendi kumuaga, akambusu pande zote mbili kwa desturi yao. Remmy hakwenda.

Ndoa ilifungwa. Misa ya asubuhi siku ya kazi, watu wachache, hakukuwa na muziki. Upande wa Remmy walisimama yule Mganda na yule Mkenya wa mradi. Nilipenda walivyosimama, wamenyoosha mashati, wanajitahidi kuwa ndugu. Padri katika mahubiri alisifu kwamba mipaka sasa imefunguliwa na vijana wetu wanaungana. Ni kweli imefunguliwa. Remmy alitazama mbele muda wote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Wanakaa Namtumbo, mradi bado upo. Remmy ni mume mwema, nisimsingizie. Analeta matumizi, anamwogesha mtoto mwenyewe, hajawahi kumwinulia Careen sauti. Ila jambo moja. Mama yake haruhusiwi. Akipiga simu haipokelewi. Careen alijaribu mara moja kumtumia picha ya mtoto, Remmy akaiona kwenye simu, hakugomba, akaifuta, akamrudishia simu. Alisema mtoto wake hatalelewa na mtu anayefuta watu. Careen akamwambia na wewe sasa unafanya nini? Akatoka kwenda kwenye mtambo wake.

Nilimwambia mwanangu awe mvumilivu. Niliogopa mama mkwe hatampokea, sikuwaza kwamba mama mkwe atampokea na mume ndiye atakayefunga mlango. Wasiwasi wangu wote niliupeleka upande mmoja.

Bashiru alikuja tena baada ya mavuno. Alipiga hodi. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia hodi, nikasema karibu bila kujua ni nani, akaingia Bashiru amevua kofia. Akauliza habari za nyumbani, habari za watoto. Beda akajibu nzuri. Akamuuliza na yeye habari za Tunduru, mvua zimekuwaje. Nzuri. Sharifa hajambo? Hajambo, anawasalimu. Walikaa hivyo mpaka chai ikaisha. Hakufunua sufuria yoyote. Beda alijaribu, alimwuliza kama amekuja kutwanga yale mahindi, na Bashiru akasema, "Hapana ndugu yangu, nimepita tu kuwajulia hali." Baada ya kuondoka Beda alikaa na redio yake bila kuiwasha. Sisi na Bashiru hatujagombana. Tunaheshimiana.

Basi mama, wewe unayesoma, mwambie mtani wako. Mwambie kuna watu ambao kwao bado ni mapema. Hatakasirika, mtani hakasiriki. Na ukiona mwanao amempata mtu aliyefichwa kitu na mama yake, usisherehekee kwanza. Waache wakae wenyewe waambiane, nyumbani kwao, kwa lugha yao, kabla hamjapika.

Mimi sasa Jumapili baada ya misa ya pili Careen huniletea mtoto nikae naye, kama Remmy ana zamu. Saa hizo simu hupigwa, namba ndefu ya Burundi. Napokea. Mkwe wangu anasalimia, ananiuliza hali ya Beda, ananiuliza kama mvua zimeanza. Jina la mwanawe hataji. Halafu namsogezea mtoto simu kwenye mdomo. Bado haongei, anaguguna tu, anapuliza mate, wakati mwingine analia kwa kuwa ana njaa na mimi namchelewesha. Upande wa pili hakuna neno. Nasikia anavyopumua. Anasikiliza hivyo mpaka salio linamwishia, simu inakatika yenyewe, na mimi nafuta namba yake kwenye simu yangu kabla Remmy hajaja kumchukua mtoto.